Victorine Ni Nani?

Siku Olga aliporudi kwao kwa boti kutoka Kigoma, bandari ya Kalemie ilikuwa imejaa kelele za wachukuzi na wauza samaki aina ya migebuka. Alivaa kitenge cha manjano chenye ndege wa bluu, na katikati ya msukumano ule ukanda wa kiatu chake ukakatika. Ruffin, karani wa biro, ofisi ya bandari, shati jeupe limenyooka kwa pasi, akainama kukiokota.

"Mama, bandari yetu imekupenda. Imekushika muguu."

"Bandari, ao wewe?"

Walikuwa bado wanacheka mchuuzi mmoja alipopaza sauti: "Mateso! Ee, Mateso, leta kikapo!"

Olga akaziba mdomo. "Sasa muntu gani anaweza kumupa mutoto wake jina la Mateso? Si ni kumutupia laana?"

Ruffin akacheka naye. Alicheka kwa nguvu kumshinda. Mama yake mzazi, mkulima wa mihogo kule Nyunzu, aliitwa Mateso.

Wakapendana. Jioni moja wakiwa ufukweni, Olga kaegemea bega lake, alimuuliza: "Na mama mukwe wangu anaitwa nani?"

"Victorine," alijibu Ruffin, mdomo ukitangulia moyo. Lilikuwa jina la kwanza lililomjia, la msichana mmoja aliyekuwa akifanya naye kazi biro.

Walipofunga ndoa, barabara ya Nyunzu haikupitika kwa sababu ya vita, na baba mdogo wake Ruffin ndiye aliyesimama kwa niaba ya wazazi. Uwongo ukalala salama. Kisha Olga akajifungua mtoto wa kike.

"Wa kwanza wa kike anabeba jina la mama ya bwana," alisema Olga, akimtazama mtoto kwa macho yaliyochoka kwa furaha. "Basi, njo kusema tuko na Victorine mudogo. Unafurahi, mupenzi?"

"Ninafurahi," alisema Ruffin, akageuka kufunga dirisha ambalo halikuwa wazi.

Habari za mjukuu zilifika Nyunzu barabara ikiwa imefunguka, na mama mzee hakungoja kualikwa. Alifika kwa pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, kifurushi cha karanga mgongoni. Mlangoni akajitambulisha: mama yake Ruffin, ambaye wakati huo alikuwa kazini.

"Mama Victorine, karibu!" Olga alimkimbilia.

Mama mzee akageuka nyuma, aone ni nani anayeitwa.

Olga akacheka, akamweka mtoto mapajani pake. "Mushike majina wako. Naye ni Victorine, kama wewe."

"Victorine?" Mama akamtazama mtoto, kisha mkwe wake. "Kwetu hatuna Victorine, mwanangu."

Olga akamkumbuka Victorine mmoja wa biro ya Ruffin, aliyemwona siku moja alipomtembelea mumewe kazini. Kucha nyekundu, kicheko kisichoisha. Alichukua simu.

"Ruffin, Victorine ni nani?"

"Victorine? Si... si ni mama?"

"Mama yako iko hapa mbele yangu. Anasema hamujue Victorine yeyote! Mutoto wangu anabeba jina la nani?"

Angeweza kusema. Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Lakini wenzake walikuwa wamenyamaza kumsikiliza, naye akaifunika simu kwa kiganja.

"Unanyamaza? Basi, nimeelewa." Simu ikakatika. Olga akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa wazazi wake, mtaa wa Kataki, pale pale Kalemie.

Ruffin alipofika nyumbani alimkuta mama yake peke yake uani, anafua nepi za mtoto.

"Ulimwambia ninaitwa Victorine?" aliuliza mama, bila kuinua macho.

Ruffin akaitikia kwa kichwa.

"Ni jina zuri. Ungenitumia habari tu, ningeitika." Akakamua nepi, akaianika. "Twende kwa Olga, bibi yako. Nitasema ni uzee, nilisahau jina langu."

Hapo Ruffin akachuchumaa kwenye maji ya sabuni, na suruali yake ya biro, akalia. Kama mama angemtukana, angevumilia.

Kataki waliwakuta Olga na mama yake, Mama Thérèse, sebuleni. Mama mzee alifungua kinywa kuanza uwongo wake. Ruffin akamshika mkono.

"Olga, hakuna mwanamuke mwingine. Huyu ni mama yangu. Anaitwa Mateso. Nililificha jina lake kwa sababu nilipata haya. Nilipata haya ya mama yangu."

Mama Thérèse akavuta khanga yake begani, akatazama chini. Olga aliikumbuka bandari, akamsogelea mama mzee.

"Na mimi nilikucheka, mama. Siku ya kwanza kabisa. Nisamehe." Akamgeukia mumewe. "Wewe, bado sijakusamehe. Ungeniambia! Ningekuwa na haya siku moja, ikaisha." Kisha akapiga magoti mbele ya mama mzee. "Mutoto ataitwa Mateso. Ni jina lako."

"Hapana!" Mama alishtuka. "Walinipa hili kwa sababu mama yangu alikufa akinizaa. Usimubebeshe mutoto kilio cha wengine."

"Basi wewe mwenyewe ungependa jina gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Mama mzee aliinamisha uso, akachezea ncha ya kitenge chake kama msichana.

"Baba yake Ruffin alikuwa ananiita Chérie, yaani mupenzi," alisema polepole. "Hakusoma. Kifaransa chake chote kilikuwa neno lile moja. Tangu afe, sijalisikia."

Ruffin hakuwa akijua. Miaka yote hakuwa ameuliza.

Olga akamweka mtoto mikononi mwa mama mzee. "Basi muite, mama. Wewe njo wa kwanza."

Mama akasafisha koo. Sauti ilitoka ndogo, yenye haya. "Chérie."

Mtoto akapiga mwayo. Ruffin alibaki amesimama mlangoni, hawezi kuinua uso, mpaka Olga alipomvuta kwa mkono na kumkalisha chini, miguuni pa mama yake.