Disketi za Jumapili

Wapendwa, maneno ya baba yangu niliyakuta mkononi mwa mwanamke mwingine!

Ni mwaka 1997, Kizota, kwenye karakana ya mume wangu Nikodemo, fundi wa kompyuta, iliyoungana na nyumba yetu. Radi ilikuwa imeunguza kompyuta yangu. Nilifuata disketi zangu za akiba tu...

"Dada, hizo umezitoa wapi?"

"Kanipa Niko," akajibu Erica, mteja aliyekuwa amezishika. "Za ripoti yangu ya chuo. Kwani vipi?"

Niko! Hata mimi mkewe simwiti hivyo.

Ngoja niwaeleze. Baba, Mzee Mazengo wa Mvumi, alikuwa haoni. Kwa miaka miwili alinitajia maneno ya Kigogo ambayo vijana hawayajui tena, nami nikayaingiza kwenye kompyuta hiyo iliyoungua. Kila Jumapili nilinakili kamusi yote kwenye disketi. Siku nyingine, kila siku na disketi yake, nilinakili yaliyoongezeka tangu jana yake tu.

Kisha baba akapata kiharusi. Hakusema tena.

"Nikodemo, umezifuta?"

"Yudi, tulia basi! Nimefuta za zamani. Ya Jumamosi ipo, ndiyo mpya kuliko zote."

"Na za katikati?"

"Nazo. Si ya mwisho inabeba kila kitu?"

"Inabeba kilichoongezeka tu! Bila ya Jumapili, haina cha kuongezea!"

Akakaa chini. Fundi mzima!

Nilichunguza. Hapakuwa na mapenzi. Mteja alikosa disketi, fundi akampa zilizokuwa karibu. Jamani, mchepuko ningeupona.

Tukaenda Mvumi na kompyuta ya karakana.

"Shikamoo, baba," Nikodemo akasema.

Baba akanyoosha mkono hewani, akiutafuta wa mkwewe.

Nikafungua disketi ya Jumamosi. Neno moja tu! La mwisho alilonitajia kabla ya kuugua. Maana yake: mkwe. Chini yake, mfano wa sentensi aliotunga mwenyewe. Nikausoma kwa sauti:

"Mkwe wangu ananitunzia maneno yangu."

Baba akatabasamu. Akaukamata mkono wa Nikodemo, hakuuachia.

Hatukumwambia kamwe kwamba kamusi ilifutwa, mpaka tukamzika.

Wewe unayesoma, nakala ya leo haijui ya jana. Usifute ya kwanza kwa sababu ni ya zamani. Na kabla hujafuta chochote, muulize aliyekiweka. Nikodemo hakuniuliza, nami nilikuwa chumba cha pili tu.