Piga na Pigia

Kila jioni, akishakata majani ya ng'ombe, Avelina alipita kwenye zahanati ya kijiji chao huko Old Moshi. Alikwenda kumfundisha Kiswahili Daktari Lin, Mchina aliyekuja kutibu watu kwa miaka miwili. Daktari aliandika kila neno katika daftari lake, lakini neno moja lilimtesa.

"Piga pasi. Hapana pigana?"

"Hapana, Daktari. Ni kunyoosha nguo."

"Piga mswaki, piga magoti, piga picha! Ninyi watu piga kila kitu!"

Avelina alicheka mpaka akashika mbavu.

"Na pigia? Piga, pigia, moja?"

Nje, rafiki yake Zita alikuwa akimwita wakacheze rede. Avelina alijua si moja, ila kueleza kungechukua muda. "Ndiyo, ni ileile," alisema, akatoka mbio.

Alhamisi daktari alimngoja mlangoni, uso umemkunjamana. Simu pekee ya kijiji ilikuwa mezani kwake. "Baba yako sema kwa simu. Jumamosi, saa nne, yeye piga wewe."

Baba alikuwa mbali, huko Mlimba, akijenga reli, mwaka wa pili sasa. Avelina alilijua kosa lake: alimwacha mbuzi akala miche ya kahawa aliyoiotesha baba kabla ya kuondoka. Kumbe mama amemwandikia baba! Aliogopa, lakini hofu haikukaa. Kama baba atampiga, basi baba anakuja.

Jumamosi alivaa gauni la kanisani, akateremka hadi Kiboriloni yanaposimama mabasi. Alikuwa tayari kuchapwa hata mara kumi, mradi asikie tena kikohozi cha baba uani asubuhi. Likaja basi la kwanza, la pili, la tatu. Kila mwanamume mwenye kofia alimfanya ainuke.

Saa sita na nusu alirudi akilia. Daktari Lin akamkimbilia. "Wapi wewe? Saa nne baba piga simu! Mimi tafuta, tafuta!"

Avelina aliduwaa. Nitampigia. Baba alikuwa amesema nitampigia.

"Kosa ni langu, Daktari. Uliponiuliza nilijua si moja. Nilitaka tu kwenda kucheza."

Daktari alimfuta machozi. "Mimi ina mtoto, kama wewe. Mwaka moja sikii sauti. Kwetu hapana simu." Akamvutia kiti. "Kaa. Baba sema, saa saba, tena."

Simu ilipolia, Avelina aliishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kukupokea." Akaeleza yote, hata habari ya mbuzi.

"Miche tutaotesha mingine," baba alisema, sauti imemlegea. "Lakini sikiliza, mwanangu. Mtu akikuuliza, amekuamini. Ukichoka, mwambie umechoka. Usimpe jibu la kumwondoa tu. Umenielewa?"

"Ndiyo, baba."

"Haya, niambie, umerefuka kiasi gani?"

Avelina akasimama wima ukutani, kisigino kikigusa ukuta, kana kwamba baba angeweza kumwona.