Mazoezi Juu ya Meza ya Pasi

Shuka lilitoka kwenye pasi likiwa la moto, lakini kabla mke wa dobi hajalinyoosha vizuri juu ya kifua cha mumewe, lilikuwa limeshapoa kabisa. Mke aliona, akapuuza. Ndivyo tulivyo binadamu, dalili inatukalia puani nasi tunasingizia upepo.

Kesho yake dobi alikuwa anaenda kupimwa moyo. Siku hizi akipandisha furushi la nguo ngazini anatweta mpaka wateja wanamwonea huruma. Nesi alimwambia asinywe kahawa, asipake mafuta kifuani, anyoe vinyweleo ili vibandiko vishike, kisha alale tuli mpaka mashine imalize. Hapo kwenye kulala tuli ndipo alipoogopa, maana yeye hata usingizini mikono inakunja nguo. Basi wakaamua kufanya mazoezi, mchana kweupe, humo humo dukani. Mke akamnyoa, akamlaza juu ya meza ya pasi mikono ubavuni, akambana vibanio vya kuanikia nguo kifuani, akamfunika shuka jeupe la mteja. Mtu na akili zake anamlaza mumewe kimaiti. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Usijitikise," alimwambia huku akicheka. "Huu mwili si wako tena, ameshapewa mwingine."

Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa dukani, na pasi ilikuwa imezimwa.

"Baba watoto, inatosha. Amka."

Akamtikisa bega.

"Nakwambia amka, utani basi."

"Umesema si wake," sauti nzito ikajibu chini ya shuka, sauti ya mtu aliyekerwa. "Sasa unamwamsha nani?"

Mke akalivuta shuka, akamkuta mumewe amemkodolea macho ambayo hayapepesi, na vile vibanio vinachezacheza kifuani bila kupatana, hivi vinapanda vile vinashuka, kama mlango unaosukumwa na watu wawili, mmoja nje na mmoja ndani, na kila mmoja ameapa kutompisha mwenzake. Kisha mume akafumba macho, akayafumbua, akauliza kwa sauti yake mwenyewe kama amelala sana.

Mke alijikaza kisabuni. Alipotoka kwenda kuanua nguo, akampigia dada yake simu, ananong'ona.

"Dada, kuna kitu kimemwingia shemeji yako."

"Mpeleke akasomewe leo hii."

"Na kipimo je? Nafasi tumeisubiri mpaka tumechoka. Moyo ukimsimamia njiani?"

"Moyo unaweza kungoja. Hicho hakingoji."

Lakini mke aliogopa zaidi kile alichokijua, ule moyo. Asubuhi akamwongoza mumewe hospitali, naye njia nzima kila akishikwa mkono anauchomoa kwa chuki.

Mpimaji, mama mmoja wa makamo, akambandika vibandiko, akawasha mashine. Akakunja uso. Akabadilisha nyaya, akaanza upya.

"Mama, hebu njoo," alisema kwa sauti ya chini. "Yanatoka mapigo ya aina mbili. Haya yana nguvu, haya mengine yanachoka."

"Ya mume wangu ni yapi?"

Mpimaji akamtazama kama hakuelewa swali. Kitandani midomo ya dobi ilikuwa inatabasamu, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka masikioni, na vidole vyake vikautafuta mkono wa mke, vikaubana kidogo, kinyonge, vikaubana tena, na mke akainama akamwita na kumwita, baba watoto usiniache, nimekosa, rudi, mpaka vile vidole vikalegea vyenyewe.

Mpimaji akashusha pumzi.

"Afadhali, kumbe mashine tu ilikuwa inasumbua," alisema. "Sasa yamebaki haya yenye nguvu. Hongera, mama, mumeo ana moyo wa kijana."

Mwanamume akaketi, akafunga vifungo vya shati, akamshika mke mkono akaukaza. Mpimaji akabaki anashangaa yule mama analilia nini.