Mahindi Hayashuki Kutoka Ngorongoro

Lori jeupe aina ya Fuso liliacha ukingo wa kreta saa nne asubuhi, likaanza kuteremka msituni kuelekea geti la Lodoare.

Kona mbili nyuma yake, Bernadina alipunguza gia ya Land Cruiser na kuinua redio ya Motorola kumwita mkuu wake.

"Mzinga, Nyuki hapa. Mzigo umeondoka."

"Umebeba nini?"

"Magunia. Mahindi."

Redio ikakoroma.

"Nyuki, rudia."

"Mahindi, Mkuu. Yanashuka."

Mtu yeyote wa Karatu angecheka. Ndani ya hifadhi kulima ni marufuku. Wamasai wa Endulen, huko juu hifadhini, hula mahindi ya Mbulumbulu na Rhotia, vijiji vya chini, kwa hiyo malori hupanda yamejaa na kurudi matupu. Mahindi kushuka kutoka Ngorongoro ni kama maziwa kurudi kwenye kiwele.

Bernadina alizaliwa Rhotia. Alitabasamu kidogo, maana adui mjinga ni nusu ya ushindi.

"Watu wa mjini hawa," alijisemea.

Ndani ya magunia hayo, kwa taarifa za Idara ya siri iliyomtuma Bernadina, zilikuwamo pembe za faru. Mnunuzi alikuwa mgeni mmoja kutoka ng'ambo, na ndege yake ndogo ilikuwa ikisubiri kwenye kiwanja cha Manyara. Mwenye lori aliitwa Julius. Kazi ya Bernadina ilikuwa kuuacha mzigo utembee mpaka kwenye ndege, kisha kuwanasa wote kwa pamoja.

Shida ilikuwa dereva.

Dereva alikuwa Sylvesta, kijana wa kijiji cha Daa, jirani na Karatu, na hii ndiyo safari yake ya kwanza.

Bernadina alimjua, na hilo lilimkera. Kwa miezi miwili Bernadina alikuwa akijifanya muuza maandazi kwenye yadi ya Julius pale Karatu, bastola yake ya Glock ikiwa chini ya ndoo. Sylvesta alifika kila asubuhi kutafuta kazi. Alikuwa ametoka jela kwa wizi wa pikipiki alioufanya ujanani. Leseni ya daraja E, ya malori, alikuwa nayo, na mikono ya kuendesha alikuwa nayo. Wadhamini ndio hakuwa nao. Kila tajiri wa malori alitaka wawili, na Daa nzima haikutoa hata mmoja. Tajiri mmoja wa vitunguu alimjibu mbele za watu: "La kuvunda halina ubani, kijana. Nenda."

Mwishowe akamfikia Julius mwenyewe.

"Una mdhamini?"

"Sina, tajiri."

"Ndugu?"

"Wamenikataa."

"Vizuri," Julius alisema. "Kesho unaanza."

Siku ile Sylvesta aliwanunulia yadi nzima maandazi. Bernadina alimpa mkono na kumpongeza. Neno hilo "vizuri" alilisikia kwa masikio yake mwenyewe, na likampita.

Sasa lori lilikuwa kwenye mteremko mkali zaidi. Sylvesta aliliweka gia ya pili, akaiacha injini ifanye kazi yake, na taa za breki ziliwaka kwa nadra. Hakuendesha kwa uoga wala kwa kutafuta sifa. Kijana alikuwa dereva, jamani, na Bernadina aliona fahari ambayo haikumhusu.

Geti likatokea mbele.

Na neno lile la Julius likarudi. Vizuri ya nini? Tajiri gani anafurahi kusikia dereva hana mtu?

Halafu Julius hakuwa mgeni hata kidogo. Alikuwa akipandisha mahindi Endulen kila wiki. Alijua vizuri sana kwamba mahindi hayashuki.

Alitaka lori lisimamishwe.

"Mkuu! Lori ni chambo!"

Alikuwa amechelewa. Askari wa geti walikuwa wameshapigiwa simu na mtu asiyejitaja. Walilizingira Fuso kutoka kila upande. Mmoja alipasua gunia la juu kabisa, mahindi yakamwagika, na pembe moja ikaanguka juu yake. Moja tu. Sylvesta akavutwa chini na kulazwa kifudifudi.

Upande wa pili wa geti, gari la watalii lilipita polepole, bila kukaguliwa. Nyuma alikaa mzungu mwenye begi la kamera la Canon, amelikumbatia. Mbele, chini ya kofia ya mwongoza watalii, alikaa Julius. Bernadina alimweleza Mkuu redioni alichokiona.

"Fuata begi, Nyuki."

"Dereva hana hatia. Nipe dakika moja niseme na askari."

"Utawaambia wewe ni nani?"

Bernadina aliutoa mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Ndege inawasha injini. Fuata begi!"

Bernadina alipita mita chache kutoka pale kijana alipolala. Sylvesta aliinua kichwa, akamwona.

"Dada! Dada wa maandazi! Waambie!"

Bernadina alikanyaga mafuta.

Karatu aliipita kwa mwendo wa kuwatisha mbuzi. Kabla ya Rhotia aliiacha lami, akakata kushoto katikati ya mashamba ya maharage kwa njia aliyoijua tangu utoto, akatokea mbele ya gari la watalii na kuliweka lake mkingamo barabarani.

Breki zikalia.

Bernadina alishuka na Glock mkononi.

"Shikamoo, tajiri," alimwambia Julius. "Leo maandazi yamekwisha."

Begi la Canon halikuwa na kamera. Lilikuwa na pembe tano, zimefungwa kwa taulo za hoteli. Ndege ya Manyara ilizimwa injini na watu wa Idara. Kazi ilikuwa imekamilika, na safi.

"Hongera, Nyuki," Mkuu alisema kwa simu. "Julius na mgeni wake wanakuja Dar kimyakimya. Tunataka mtandao wao. Rasmi, hawajakamatwa."

"Na dereva?"

"Dereva yuko mikononi mwa polisi. Ana pembe moja na kifungo cha zamani. Hatuwezi kuigusa kesi hiyo bila kujionyesha."

"Mkuu, mimi ni shahidi."

"Wewe haupo, Nyuki."

Alasiri alijifunga kanga, akabeba wali na maharage, akaenda kituo cha polisi kuomba kumwona mahabusu kama wanawake wengine wanavyofanya. Sylvesta alikuja kwenye nondo za selo. Mdomo wake ulikuwa umevimba.

"Wewe si wa maandazi," alisema.

"Kula kwanza."

Hakula.

"Wewe ni mtu wa Daa, Sylvesta. Hukuona kwamba mahindi yanashuka?"

"Niliona."

"Ukanyamaza?"

"Ningemuuliza nani, dada? Ningeuliza, tajiri angempa mtu mwingine usukani."

Bernadina aliona aibu, na aibu ile haikuwa na msaada wowote kwa mtu aliyekuwa mbele yake.

"Ulikuwa nyuma yangu njia nzima?" Sylvesta aliuliza.

"Nilikuwa."

"Basi uliniona nikishuka. Sikuunguza breki."

"Hukuunguza. Umeshuka kama dereva."

Uso wake ukafunguka, ukawa wa kijana kabisa. Alizishika nondo kwa mikono miwili.

"Basi nisemee, dada. Popote pale. Mtu mmoja tu ajue."

Askari aligonga mlango. Muda ulikuwa umekwisha.

Bernadina aliivaa miwani yake nyeusi, akashuka ngazi za kituo taratibu, bila haraka wala kugeuka, akaingia barabarani katikati ya watu wa soko. Simu ikalia mfukoni: Mzinga alikuwa na kazi mpya.

"Nipo," alijibu. Jina la Sylvesta hakulitaja.