Shingo Isiyoshika

Arnold Musyoka alikutwa kifudifudi katika kichochoro cha Kuze, risasi imemwingia kifuani na kutokea mgongoni. Alikuwa msimamizi wa uwanja wa shabaha wa klabu moja huko Makupa. Asubuhi ile alikuwa amezungushiwa utepe wa polisi, na majirani wakimchungulia madirishani.

Juu ya paa la nyumba iliyoelekea kichochoro, Inspekta Beryl Nasipwondi aliokota vitu viwili. Kimoja kilikuwa ganda tupu la risasi iliyokwisha kufyatuliwa. Cha pili kilikuwa risasi nzima, ila kichwa chake kilikuwa kimezama ndani ya ganda. Shingo ya ganda haikukishika.

"Zimetengenezwa kwa mkono, afande," alisema Koplo Menza. "Maganda makuukuu, yamejazwa upya."

Nyumba ilikuwa ya Mzee Athmani, fundi wa bunduki mwenye leseni. Karakana yake ilikuwa chini, na humo ndimo alimojaza maganda ya wanachama wa klabu kwa mashine ya mkono. Kabatini mwake ilipatikana bunduki iliyokuwa ikinuka baruti bado. Isitoshe, mtaa mzima ulijua kwamba aliwahi kumtukana Arnold hadharani. Wakamtia pingu.

Kesi ingeishia hapo. Lakini mzee alipoonyeshwa yale maganda, alikasirika kuliko alivyokasirishwa na pingu.

"Hii si kazi yangu."

"Mashine ni yako."

"Mashine ni yangu, kazi si yangu. Tazama ndani ya shingo."

Nasipwondi alilitazama lile ganda tupu kwa kioo cha kukuzia. Ndani ya shingo mlikuwa na mikwaruzo myembamba kama nywele.

"Inatokana na nini?"

"Sijui."

"Wewe fundi, hujui?"

"Sijapata kuharibu hivyo, mwanangu. Nitajuaje?"

Jibu gani hilo! Inspekta alitamani kumtikisa. Hakimu alikuwa amewapa mpaka Alhamisi: mzee ashtakiwe kwa mauaji au aachiliwe. Mkuu wa kituo alitaka mashtaka, tena upesi. Lakini kama mzee alisema kweli, Nasipwondi alikuwa anakaribia kumfunga maisha mtu asiye na hatia, na jambo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Akaivamia karakana pamoja na Menza. Mashine yenyewe haikuwa na ajabu. Ganda likishafyatuliwa shingo yake hupanuka, kwa hiyo hubanwa upya ndani ya kalibu ya chuma. Kisha kijichuma cha mviringo hupita katikati, ili shingo ipate kipimo cha kukishika kichwa cha risasi.

Wakabana ganda la kwanza. Shingo ikatoka safi, laini, imeshika barabara.

"Tujaribu bila mafuta," alisema Nasipwondi.

Ganda lilipiga kelele, lakini halikukwaruzika namna ile. Wakakifungua kijichuma; kilikuwa laini kama ushanga. Wakaitia kalibu uchafu makusudi. Mikwaruzo ikatokea nje ya shingo, si ndani.

"Labda maganda yenyewe, afande," Menza alisema, akaleta kopo la maganda ambayo mzee alikuwa ameyatupa.

Hapo walipata kitu. Shaba iliyobanwa mara nyingi huwa ngumu, ikibanwa tena hujirudi. Walipotia kichwa cha risasi, kikazama kama kile cha juu ya paa. Basi muuaji alitumia maganda yaliyotupwa. Ila mikwaruzo? Hakuna. Nasipwondi alilirusha ganda likagonga ukuta. Menza aliinama akaliokota; alimjua bosi wake.

Siku zote hizo kahawa iliteremshwa na Bi Mejumaa, dada yake Athmani, mjane aliyeishi orofani na kakake.

"Kakangu yuala huko ndani?" alikuwa akiuliza.

"Anakula kidogo, mama."

"Mwambieni ale."

Jumatano jioni Nasipwondi alipanda orofani kurudisha vikombe, kichwa kikimuuma. Alimkuta Bi Mejumaa amekaa kibaoni, akisugua dele la kahawa. Lilikuwa la shaba, liking'aa mpaka likaumiza macho.

"Mnakatua na nini, mama?"

"Ukwaju na jivu. Shaba yataka ukwaju na jivu, mwanangu. Ndivyo alivyotufunza mama."

Nasipwondi alilichukua dele, akalielekeza penye mwanga. Ndani ya mdomo wake mlikuwa na mikwaruzo myembamba kama nywele.

Alichota jivu na ukwaju kidogo, akateremka. Wakayasugua maganda machakavu, wakayasuuza, wakayabana. Jivu lililosalia ndani lilikokotwa na kile kijichuma, likaichana shingo kuanzia juu hadi chini. Menza alilitia chini ya kioo kando ya lile la juu ya paa.

"Pacha, afande."

Nasipwondi hakufurahi hata kidogo. Alikuwa amekunywa kahawa ya mkono ule tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kumuuliza mwenye mkono swali moja la maana.

Alipanda tena. Bi Mejumaa alilitazama ganda kiganjani mwake, akaweka dele chini.

"Bunduki umejifunza wapi, mama?"

"Babetu alikuwa fundi. Sote tulikulia humo chini. Kujaza nalimwona Athmani akifanya. Kusafisha sikumwona."

"Kwa nini Arnold?"

"Mwanangu Mahfudhi alikuwa akibandika shabaha huko uwanjani. Arnold alisema uwanja u mtupu, wapigaji wapige. Mwanangu alikuwa angali nyuma ya mbao. Kisha Arnold akaandika kwamba marehemu alikwenda bila ruhusa."

"Hilo ndilo walilogombania na Mzee?"

"Ndilo. Mimi nalinyamaza. Lakini juma lililopita alikuja kuchukua bunduki yake, haikuwa tayari, akanywa kahawa yangu. Akasema kijana wa mbao waliye naye sasa ni mwerevu, si kama yule wa kwanza." Alijifuta jivu vidoleni. "Akasema atarudi kesho yake alfajiri. Nikamngoja juu ya paa."

Hasira ilimpanda Nasipwondi, wala hakujua imwangukie nani. "Na kakako ukamwacha aingie ndani kwa ajili yako?"

"Nalichukua maganda ya kutupwa makusudi, yasiwe kazi ya mkono wake. Nalidhani mkiona upuuzi ule mtajua si Athmani. Mtu yeyote wa mji huu angejua. Kila siku nangoja mumrudishe, ninyi mwanywa kahawa tu mwashuka."

Menza alisimama mlangoni na pingu, akasita kuzitoa.

"Atatoka leo?" aliuliza Bi Mejumaa.

"Leo."

"Basi mwambie wali u chunguni, aupashe mwenyewe."