Ndizi Moja ya Shimoni

Kila asubuhi kabla ya shule, Kokugonza, mwanafunzi wa darasa la sita huko Songambele, alifagia uwanja, akawafungulia mbuzi, kisha akamfuata baba yake migombani. Wiki hii kazi hizo alimwachia shangazi. Yeye na mama walikuwa hospitali, kando ya kitanda cha baba, Mzee Deodatus, ambaye hakutaka kutulia hata kidogo.

Juzi alipata shambulio la moyo. Damu iliganda na kuziba mshipa wa moyo, madaktari wakamchoma haraka sindano ya kuiyeyusha. Maumivu yalikwisha, na sasa baba alijiona mzima. Akili yake yote ilikuwa nyumbani, kwenye shimo alimofukia ndizi ziive ili zikamuliwe juisi. Jumapili wangefika wageni wa posa ya dada yake Kokugonza. Alikaa, akalala, akakaa tena, akachungulia dirishani.

"Evaresta, nipe viatu. Zile ndizi zitaoza!"

"Wamechukua damu asubuhi. Tungoje majibu," mama alimsihi.

"Jana damu, leo damu! Watanikausha! Kifua hakiumi, wanatafuta nini?"

Daktari Jenifa alikuwa mlangoni. "Shikamoo, mzee. Moyo ukielemewa, huachia vitu fulani kwenye damu kabla mwenyewe hujasikia lolote. Tunavipima ili tujue kama kuna tatizo jingine linakuja. Vumilia kidogo."

Daktari alipoondoka, baba alimgeukia binti yake. "Kokugonza, viatu viko chini ya kitanda. Nipe."

Kokugonza aliviokota, akavikumbatia. Aliogopa. Kumkatalia baba si jambo la mchezo.

"Taata, nikuulize. Ndizi zikiwa shimoni, unajuaje zimeiva?"

"Nafukua moja ya pembeni, naiminya. Mbona unajua?"

"Kwa nini usiangalie tu udongo wa juu?"

"Udongo utaniambia nini?"

"Basi Taata, hiyo damu ndiyo ndizi ya pembeni."

Baba alijilaza tena. Mama aligeuza uso asionekane anacheka. Viatu vikabaki kwa Kokugonza.

Majibu yalipotoka, hayakuwa mazuri. Moyo ulikuwa umeelemewa, na maji yangeweza kujaa mapafuni. Baba alianzishiwa dawa na kuhamishiwa karibu na wauguzi. Jioni pumzi ilimbana kweli. Kokugonza alilia kwa hofu, lakini oksijeni ilikuwa tayari, na wauguzi walijua la kufanya. Kabla ya kulala, baba alikuwa anapumua vizuri. Kama angeondoka, hali hiyo ingemkuta njiani, mbali na msaada.

Jumatatu alikuja baba mdogo Privatus, mnyonge. Alikuwa amelifungua shimo Jumamosi, akakuta ndizi bado ngumu. Wageni wa posa walikunywa chai.

"Hukufukua hata moja kwanza?" baba aliuliza.

"Kaka, kwa juu palionekana sawa tu."

Baba alicheka mpaka mama akamkanya. Kisha akamshika Kokugonza bega.

"Sikia, mwanangu. Kujisikia vizuri siyo kupona. Mgonjwa apimwe, angoje majibu, ndipo aulizie viatu vyake. Mimi nilikuwa na haraka ya ndizi, nikasahau uhai wangu."

Muuguzi aliingia na bomba la sindano. Safari hii baba alinyoosha mkono mwenyewe.

"Chukua, mama," alisema. "Ila unibakizie kidogo."