Kipimo cha Kicheko

"Cheka."

"Shangazi, pima tu."

"Nimesema cheka. Umesahau sheria ya chumba hiki?"

Pindo alikuwa amesimama mbele ya kioo kirefu, mikono ameinyanyua kidogo, tepu imemzunguka kifuani. Hakuwa amesahau. Shangazi yake alikuwa fundi wa magauni, na tangu aanze kushona hakuwahi kumpima mteja aliyenuna. Alipima kifua mara mbili, mtu akiwa ametulia, halafu akiwa anacheka. Alikuwa akisema gauni linalomtosha mtu aliyenyamaza litampasukia siku ya furaha yake, na yeye hataki lawama. Basi kila mteja alikuwa na namba mbili daftarini, ya kimya na ya kicheko, na mafundi walilipwa kushona na kuchekesha.

Na hili lilikuwa gauni la harusi ya Pindo mwenyewe. Zilibaki wiki tatu.

"Haya. Ha ha ha."

"Hicho ni kikohozi," alisema Shangazi.

"Nimepewa saa moja tu, Shangazi. Tafadhali."

"Umepewa? Na nani?"

Pindo alitupia jicho simu yake iliyokuwa mezani. Shangazi aliitundika tepu begani kwa Pindo, akafungua droo na kutoa daftari kuukuu lililobanwa kwa mpira. Alilifungua ukurasa wa Pindo. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, Pindo alipimwa hapo kama mteja. Alianza akiwa na miaka kumi na saba, hajui hata kutunga uzi kwenye sindano, akapewa kazi ya kukunja mapindo ya suruali mpaka jina likamganda.

"Soma. Mwaka wa kwanza."

"Kimya thelathini na tatu. Kicheko thelathini na nne na nusu."

"Mwaka wa tano."

"Thelathini na tano, thelathini na saba." Sauti yake ililegea alipomkumbuka rafiki yake. "Mwaka ule Zipu alinichekesha mpaka nikakalia pini."

"Na leo tepu inasema thelathini na tatu. Ukicheka, thelathini na tatu. Mwanangu, mimi sijawahi kuandika kitu kama hiki. Hata yule mama aliyekuja kushonewa nguo za msiba alipata robo inchi."

Hapo simu ikaita kwa mlio wa ujumbe. Pindo aliruka, tepu ikamdondoka miguuni.

"Mchana. Picha."

Ujumbe wenyewe ulikuwa maneno hayo mawili. Pindo alinyanyua simu haraka, akajipiga picha, akaituma.

"Nini hiyo?" Shangazi aliuliza.

"Ni yeye. Anapenda kujua niko wapi. Asubuhi, mchana na jioni."

"Kutwa mara tatu. Kama dozi."

Mchumba wa Pindo alikuwa mfamasia, duka lake la dawa lilikuwa likitazamana na chumba hicho, ng'ambo ya barabara, kabla hajahamia jengo kubwa zaidi. Mtu wa sauti laini. Wazee walipanga foleni kwake hata kama duka la jirani lilikuwa tupu, maana alikuwa akiwaeleza dawa taratibu, akiwashika mkono. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, na Pindo mwenyewe angekula kiapo kuhusu hilo.

"Ananijali tu, Shangazi."

Simu ikaita tena, ujumbe mwingine.

"Nani yuko nyuma ya pazia? Naona kiatu cha mwanaume."

Pindo aligeuka. Chini ya pazia la chumba cha pasi kilichungulia kiatu cheusi cha kamba. Shangazi akaangua kicheko.

"Lile sanamu la kupimia suruali! Mwambie ndiyo, yupo mwanaume, ila hana kichwa!"

Pindo hakucheka. Alilikimbilia pazia ili alipige picha sanamu lote, kiatu na shingo isiyo na kichwa, aitume kabla dakika tano hazijaisha, maana zikizidi tano ataanza kunyamaziwa. Alilivuta pazia kwa nguvu.

Pembeni ya sanamu alisimama Zipu, pasi mkononi, macho yamejaa machozi.

Waliangaliana. Zipu alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa nayo. Kwa miaka minane wawili hawa walishonea meza moja, redio katikati yao, wakigombea mkasi mmoja wakati mikasi ilikuwa minne. Wakianza kucheka, cherehani zote zilisimama. Majirani wa madirisha ya ng'ambo walikuwa wakijua saa za chai kwa kelele zao. Sasa walikuwa hawajaonana kwa miaka miwili.

"Nilimwambia akae humo," Shangazi alisema. "Nilitaka asikie jinsi unavyocheka siku hizi, anisaidie kuelewa."

"Wewe ulinitupa," Pindo alimwambia Zipu. Lilimtoka hivyo hivyo. "Hukuja kwenye uchumba wangu. Hukupiga hata simu."

"Mimi? Mimi ndiye niliyekutupa?" Zipu aliweka pasi chini. "Mwenzangu, nilipiga mara kumi na moja! Baada ya ule ujumbe wako, nilipiga mara kumi na moja!"

"Ujumbe gani?"

Zipu alitoa simu. Alikuwa ameutunza. Pindo alisoma kwa sauti, polepole:

"Usinitafute tena. Naolewa na mtu wa maana, sitaki kuonekana na watu wa cherehani." Juu yake kulikuwa na jina la Zipu la kwenye kitambulisho, majina yote matatu.

"Mimi sijawahi kukuita hivi," Pindo alinong'ona.

"Najua. Ndiyo maana niliumia. Nilijiambia, huyu kanichukia mpaka kanirudishia jina langu."

Shangazi aliichukua simu ya Pindo bila kuomba, akampa Zipu. Haikuchukua muda. Kwenye orodha ya namba zilizofungiwa kulikuwa na namba tatu: ya Zipu, ya kaka yake Pindo, na ya mteja mmoja wa zamani aliyekuwa akimletea maembe.

Pindo aliketi kwenye kiti chake cha zamani bila kujua kwamba ameketi. Alikumbuka. Jumapili moja, mvua inanyesha, yeye amelala kifuani kwa mchumba wake, na ile sauti laini ikisema: "Simu yako nzito, mpenzi. Lete nikuondolee takataka." Na wiki zilizofuata, alipolia kwamba rafiki yake amemsahau, alikuwa ni huyo huyo aliyemfuta machozi. "Unaona sasa? Nimebaki mimi tu."

"Mpigie," alisema Zipu.

"Atakasirika."

"Kwani akikasirika hufanya nini? Anakupiga?"

"Hapana! Hajawahi kunigusa." Pindo alitafuta maneno. "Ananyamaza. Siku nne, siku tano. Tunakula meza moja na hanioni. Halafu mimi ninaomba msamaha."

"Kwa kosa gani?"

"Sijui. Huwa ananiambia nikishaomba."

Maneno yalipotoka, Pindo aliyasikia kama yamesemwa na mtu mwingine, mteja fulani wa kuonewa huruma. Alibonyeza namba, akaweka spika.

"Mpenzi," sauti laini ilijaa chumbani. "Dakika nane. Nimekuwa na wasiwasi."

"Namba ya Zipu ilifungiwa na nani kwenye simu yangu?"

"Wewe, mpenzi. Uliniomba mwenyewe. Ulilia, ukasema anakuonea wivu. Hukumbuki?"

"Sikusema hivyo."

"Umeanza tena. Tulikubaliana unasahau sana, sivyo? Juzi ulisahau ufunguo, ukasema hukuuchukua. Ndiyo maana nipo, nikumbuke kwa niaba yako. Nani yuko hapo anakuvuruga?"

Na hapa, niwaambie ukweli, Pindo aliyumba. Alifikiri: labda nililia kweli. Labda niliomba. Miaka miwili ya kuambiwa unasahau si mchezo. Alifungua mdomo aombe msamaha, na neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Shangazi alifunua daftari katikati, akafunika namba kwa kiganja chake.

"Pindo. Mke wa dereva wa basi. Gauni la zambarau, miaka minane iliyopita."

"Shangazi, siyo sasa..."

"Nijibu."

"Kimya arobaini, kicheko arobaini na mbili. Kiuno thelathini na sita." Yalitoka yenyewe. "Bega la kushoto limeshuka robo inchi. Hakupenda mikono mifupi."

Shangazi aliondoa kiganja, akamgeuzia daftari. Yote yalikuwa sahihi, hadi ile robo inchi.

"Mkuu wa shule, suti ya kijivu."

"Kifua arobaini na nne kwa arobaini na tano. Mguu wa kulia mrefu kuliko wa kushoto." Pindo alisimama. "Yule muuguzi, mwaka huo huo: thelathini na nne, thelathini na sita, na aliomba mfuko wa ndani wa kuwekea picha ya mtoto wake."

"Mnafanya nini huko?" simu iliuliza.

"Ninakumbuka," Pindo alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti haikukatika. "Nakumbuka vyote. Nakumbuka siku nilipokuja dukani kwako na kidole kilichochomwa sindano. Ulinifunga bandeji, ukasema wiki nzima umekuwa ukifungua dirisha ili usikie ninavyocheka. Nilikupenda siku hiyo hiyo."

"Na mimi nakupenda, mama. Sasa toka hapo urudi nyumbani."

"Halafu ukasema nipunguze kidogo, watu wanageuka. Halafu ukasema nacheka kama mtu asiye na akili. Halafu vumbi la vitambaa litaniharibu kifua, niache kazi. Sikusahau hata moja. Nilikuwa nakuamini tu."

"Sikiliza wewe." Ile sauti laini ilikuwa imekwisha, imebaki nyingine, kavu. "Una miaka ishirini na saba, huna kazi, huna rafiki. Nani mwingine atakuvumilia? Nimekufanya mtu. Kama hujafika hapa ndani ya nusu saa, hakuna harusi."

Zipu alifungua mdomo. Shangazi alimkanyaga mguu.

"Basi hakuna harusi," alisema Pindo, akakata simu.

Ingekuwa hadithi ya kupamba, ningewaambia alicheka papo hapo. Hakucheka. Alilia hadi kola ya Zipu ikaloa, akalala kwa Shangazi, na kwa wiki mbili simu ilipolia alikuwa akisimama wima. Mfamasia alituma maua. Alimtuma mama yake, mwanamke mwema asiyejua kitu, akaja kulia sebuleni. Alituma ujumbe mrefu wa mapenzi, na baada ya saa moja mwingine mrefu wa matusi. Pindo aliusoma wa kwanza mara nyingi kuliko wa pili. Alimkumbuka yule wa dirishani, aliyemfunga bandeji kwa kumpulizia kidole, na ilimuuma kwamba huwezi kumwacha mmoja ukabaki na mwingine. Shangazi alimwacha alie. Alimpa tu suruali za wanafunzi, marundo kwa marundo, akunje mapindo.

Redio ilikuwa ile ile. Mkasi wa kugombea ulikuwa bado upo, mpini umefungwa utepe mwekundu aliouzungushia Zipu miaka ile. Ng'ambo ya barabara, palipokuwa duka la dawa sasa waliuza vyombo vya jikoni, na lile dirisha lilikuwa wazi, sufuria zimepangwa ukingoni.

Alhamisi moja baada ya chakula cha mchana, Zipu alitoka chumba cha pasi amelikumbatia sanamu kiunoni, viatu vyake vyeusi vinaburuzika sakafuni. Aliliweka mbele ya Pindo.

"Mwenzangu, huyu bwana amekuja kujitetea. Anasema alipigwa picha nyuma ya pazia bila ridhaa yake, ameharibiwa jina."

"Zipu, niache nina kazi."

"Anasema yuko tayari kukuoa kulinda heshima yako. Hanywi, havuti, hapigi simu."

"Hana kichwa."

"Yule wa kwanza alikuwa nacho, kilitusaidia nini?"

Sanamu likateleza, likamwinamia Pindo, kiatu kimoja kikavuka chumba na kutua ndani ya beseni la kuloanishia vitambaa. Maji yalimrukia Zipu usoni. Zipu alibaki na mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kusema.

Kilianzia chini, tumboni, kama kitu kilichokuwa kimekwama. Pindo alishika meza. Kikapanda, kikamtoka, kikubwa, kibaya, kile kile cha kugeuza watu barabarani. Muuza vyombo alitoa kichwa dirishani. Cherehani zikasimama.

"Usiache!" Shangazi alikuwa tayari yuko mbio, miwani imepinda, tepu inampeperuka shingoni. "Mikono juu! Usiache, mwanangu, usiache!"

Alimzungushia tepu, naye akicheka, vidole vinateleza. Alitazama namba. Akaitazama tena, akavua miwani na kujifuta macho kwa kona ya tepu.

"Ngapi?" Pindo aliuliza akihema.

"Thelathini na tano na robo."

"Bado haijafika thelathini na saba."

"Nani kakuuliza?" alisema Shangazi, akachukua kalamu kuandika tarehe.